Mstari wa Papa Gasipari

Papa,

Mvua zimerudi mara mbili tangu tukuzike, na maharagwe ya mteremko wa juu yamezaa mpaka Mama analalamikia mgongo. Kwa hiyo ujue, hatulii kila siku.

Nakuandikia juu ya kiti chako cha baraza. Unakumbuka ulivyowasumbua wazee na mtawala wao, Mwami mwenyewe, kwamba washauri wa kilima chetu wachaguliwe na watu, wasirithishane baba kwa mwana. "Kiti ya baraza haiko shamba, mutoto hawezi kuirithi," ulisema, na mimi nilikuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Papa, nilikuwa mwongo. Moyoni nilijua siku yako ikifika watanipa mimi.

Desturi yako waliikubali ukiwa umeshatutoka. Karani wa Mwami alitusimamisha mbele ya kanisa, mimi na Papa Gasipari, yule mfugaji uliyegombana naye miaka yote kwa sababu ng'ombe wake wanachafua chemchemi. Kila mtu akaambiwa asimame nyuma ya amtakaye. Nilikuwa nimevaa koti lako. Nilipogeuka kutazama mstari wangu nikamwona mjomba, na mbuzi wa mjomba. Mama alikuwa kule, nyuma ya Gasipari!

Niliona haya sana, nikamnunia siku tatu. Mwishowe akaniambia, "Mutoto yangu, wewe unajua kusema. Lakini ngombe njo inachafula maji, na mwenye ngombe njo Gasipari. Tukimupa kazi ya kuchunga maji, atakimbilia wapi?"

Kikao cha kwanza Gasipari hakukiacha kifanyike uani kwa Mwami. Aliwapeleka washauri wote chemchemini, wakakaa topeni na viatu vyao vya Jumapili. Juma lile lile akaanza kujenga ua wa kuizunguka chemchemi, na ng'ombe wakapata pa kunywea kule chini. Sasa Mama akichota maji, mchanga wa chini unaonekana. Nilimsaidia Gasipari kukata miti ya ua, na tulipokaa kupumzika akasema wewe ulikuwa mkaidi kweli kweli. Tulicheka, kisha tukarudi kukata miti.

Nilishindwa, Papa, na nimeridhika, maana neno lako halikupinda hata kwa mwanao. Pumzika. Watakapochagua tena nitasimama, naahidi, bila koti lako.

Mama hajaahidi chochote.

Mwanao,
Anselemi