Tarehe ya Kamera Yangu Itamnyima Mackline Shamba

Afande Lokwang, salamu kutoka Bwera, mimi musomaji wa majibu yako kwa gazeti nakuandikia nikiwa nimechoka mpaka kwa mifupa, gombeza ukitaka lakini unisaidie. Naitwa Tsongo, niko na studio ya picha karibu na soko, na hii miaka kumi na tatu natumia kamera moja tu, watu wananicheka ati Tsongo, hata simu ya mutoto inapiga picha safi kuliko hiyo dude yako, mimi sina nguvu ya kununua ingine na kusema kweli hata hamu sina.

Sasa mwezi wa pili nikasikia kampuni yenye ilitengeneza hiyo kamera imetoa apdeti, ile programu mupya ya kuweka ndani, kwa kamera nzee kama yangu, nikashangaa, kumbe kuna mutu huko mbali bado anatukumbuka? Yangu ilikuwa inakataa kadi za siku hizi, zile za kuweka picha. Achille, fundi wa ng'ambo ya mupaka, akaniletea, akasema, "Papa Tsongo, usizimishe katikati, itakufia mu mukono." Nikangoja. Ikazima, ikawaka, ikakubali kadi, nikapiga makofi peke yangu. Halafu ikaniuliza tarehe, na nje watu wananiita twende, twende, basi nikabonyeza OK, OK, OK, nikatoka mbio.

Hao watu walikuwa Mackline, mujane mwenye anauza samaki, na muzee Eridadi mwenye alikuwa anamuuzia shamba. Wewe unajua hapa kwetu shamba ikiuzwa wote wanasimama pale inapoishia, muuzaji, mwenye ananunua, majirani, chairman wa kijiji, napiga picha, inabandikwa kwa karatasi ya makubaliano, na tarehe lazima ionekane kwa kona. Nikapiga, nikawapa, hakuna mwenye aliangalia. Picha imeandika tarehe moja mwezi wa kwanza, 2012.

Eridadi alikufa mwezi wa sita. Mutoto wake wa kwanza, Baluku, ameshika hiyo picha anasema ni ya kikao ingine ya zamani, ati Mackline na chairman waliandika karatasi baba akiwa tayari kwa kaburi. Wamemukataza Mackline kuvuna maharage yake. Jumamosi wazee wanakaa kuamua. Waliniuliza mimi kama hiyo tarehe ni ya kweli, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Kamera haidanganyi."

Afande, hiyo kosa niliiona zamani, mwezi wa nne, nikarekebisha tarehe kimya kimya, kwa sababu katikati hapo nilipiga picha za mashamba kumi na tisa, nikisema moja, zote zinarudi kwa mulango yangu, na nani tena ataniita? Bibi yangu Lillian anasema niseme kampuni ndiyo iliharibu. Mimi nafikiria kufunga studio niende Beni, ng'ambo ya mupaka. Nifanye nini?

Tsongo, Bwera.

LOKWANG ANAJIBU

Tsongo, simama hapo hapo. Beni huendi.

Pole kwanza, maana barua yako inaonyesha hulali vizuri. Kazi yako naijua. Nikiwa polisi tulipokea picha kama zako kila wiki, na mara nyingi ndizo zilimaliza ugomvi. Ndiyo maana hasira imenipanda! Watu wanakuamini kuliko wanavyomwamini chairman, halafu unawajibu "kamera haidanganyi"? Wewe ndiye umedanganya. Na Lillian mwambie aache hayo. Kampuni imehangaika na kamera ambayo wengine wangekuambia utupe, ikaiwekea programu, ikakuuliza tarehe kwa adabu. Ukajibu OK. Kosa la kampuni liko wapi hapo?

Kubonyeza kwa haraka ni kosa la mtu yeyote, ningekusamehe kabla chai haijapoa. Kunyamaza tangu mwezi wa nne ni jambo lingine. Nimechoka, Tsongo. Miaka ishirini na sita nimesikiliza watu wazuri wakinieleza kwa nini walinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unataka mjane ndiye azikwe.

Sasa sikiliza. Kamera yako inaipa kila picha namba, na namba hiyo hufuatana. Tafuta picha za mwisho ulizopiga kabla ya apdeti, ubatizo, mazishi, chochote chenye tarehe ya kweli. Ya Mackline utaikuta inafuata papo hapo kwa namba, hata kama tarehe inasema 2012. Jumamosi beba kamera, beba kadi zote, Achille aje aeleze alichokuletea. Baluku aangalie kwa macho yake. Usimwite mwizi, naye amefiwa na kuona kitu kisichoeleweka. Kisha bandika tangazo mlangoni pa studio, kila aliyepigwa picha ya shamba kati ya mwezi wa pili na wa nne aje umwandikie barua ya tarehe ya kweli yenye sahihi yako. Wengine watakutukana. Wengine hawatarudi. Vumilia, ni haki yao.

Lakini kabla ya wazee, nenda kwa Mackline mwenyewe. Nenda kesho, mchana, peke yako. Usianze na kampuni wala na kadi. Mwambie, "Mimi niliiona tarehe, nikaogopa, nikanyamaza." Halafu usiondoke mpaka amalize kusema yote aliyo nayo.