Mwisho Usio na Matarumbeta

Harroway, Yorkshire
2 Oktoba 1979

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia kuomba idhini ya kubadilisha mwisho wa mchezo. Nimelitaja hilo kwanza, kabla hata ya salamu, ili usije ukadhani ninalizunguka. Sasa shikamoo. Nyonga inaendeleaje baada ya upasuaji? Wauguzi wa Scarborough wanakuruhusu uvute sigara dirishani, au wamekunyang'anya? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Beryl, ambaye ameshikwa na mafua, ingawa sauti yake bado inafika hadi viti vya nyuma.

Tangu uniachie mazoezi nimejitahidi kukilinda kila ulichokipanga. Hata hivyo, kwa heshima zote, tamati inanisumbua. Beryl anapolifunga lango la kiwanda kwa mara ya mwisho na kubaki na ufunguo mkononi, ukumbi mzima unashika pumzi. Ndipo bendi ya Bwana Entwistle inapoingia kwa kishindo kupitia katikati ya watazamaji, na huzuni yote tuliyoijenga jioni nzima inasombwa na matarumbeta. Chuoni tulifundishwa kwamba mtazamaji aachwe aende na jeraha lake nyumbani, asifungwe bandeji mlangoni. Ninapendekeza Beryl abaki peke yake, kimya, huku taa zikififia.

Wahakiki wa London watakuja tarehe 16, na wewe unajua kuliko mimi kwamba bodi inawasubiri hao ndipo iamue kama utaendelea kuliongoza jumba hili la michezo au la.

Nangoja neno lako kwa unyenyekevu.

Mwanao,
Philippa


Scarborough
5 Oktoba 1979

Philippa mwanangu,

Marahaba. Nyonga imeshonwa vizuri, sigara nimenyang'anywa, na bibi wa kitanda cha jirani anakoroma kama gari moshi. Daktari hataki kusikia habari za safari kabla ya Novemba.

Jibu ni hapana.

Wazo lako si baya, tena limepangwa vizuri, kama barua yako. Lakini nilipokuja kuliongoza jumba hilo, paa lilikuwa linavuja na watu wa Harroway walikuwa wakifika mlangoni wanavuka barabara, wakidhani ni mahali pa matajiri wenye makoti ya manyoya. Msimu wa kwanza waigizaji walikuwa wengi kuliko watazamaji. Lumb, ambaye siku hizo hakuwa mwenyekiti wa chochote, aliniambia, "Bibi Ackroyd, rudi London kabla theluji haijafunga njia." Clifford Entwistle ndiye aliyenikuta nimekaa ngazini, nimejiinamia.

"We mama, watu wako wako wapi?"

"Sina watu."

"Basi kaazime wangu."

Jumamosi hiyo akaja na bendi nzima ya wafanyakazi wa kiwanda, na nyuma ya bendi wakaja wake zao, mama zao na watoto. Tangu hapo kila mchezo wetu wa vuli unafungwa na bendi. Wamenitaka miji mikubwa zaidi, baba yako anajua, nikakataa. Kazi yangu yote imesimama juu ya Jumamosi ile. London wakishindwa kuliona hilo, wabadilishe miwani.

Na kuna kanuni ya kazi yetu ambayo chuo hakikukufundisha: msaidizi hulinda alichoachiwa. Siku ukiwa na mchezo wako, uvunje utakavyo.

Mpe Beryl asali na limau. Nawe ule.

Shangazi yako,
Winnie


Harroway
19 Oktoba 1979

Shangazi mpendwa,

Ninatumaini barua hii itakukuta una nguvu kuliko wiki iliyopita. Nimekawia kuandika, shughuli zilikuwa nyingi, uniwie radhi.

Onyesho la wahakiki limepita salama. Ukumbi ulijaa, Beryl alicheza kuliko nilivyowahi kumwona akicheza, na mwisho ulipokewa kwa utulivu mkubwa. Bwana Lumb alikuja nyuma ya jukwaa macho yamelowa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Winnie amejipita safari hii! Mwambie mwenyekiti wake kasema!" Sikupata nafasi ya kumjibu. Siku iliyofuata aliniita ofisini, akanieleza kwamba bodi inakusudia kunikabidhi mchezo wa majira ya kuchipua niuongoze mwenyewe. Nilipaswa kufurahi. Silali vizuri siku hizi. Nadhani ni baridi ya chumba changu.

Magazeti sikuletei, kwa kuwa najua huyapendi.

Mwanao,
Philippa


Scarborough
23 Oktoba 1979

Philippa,

Hujambo? Mimi natembea kwa fimbo hadi dirishani na kurudi, na wauguzi wananipigia makofi kama mtoto.

Tangu lini mimi sipendi magazeti? Lumb mwenyewe ameniletea matatu, pamoja na zabibu na mkataba wa kuniongezea misimu mitatu. Yote yanausifu ukimya wa mwisho. Mhakiki mmoja ameandika kwamba mwongozaji wa umri wangu kuthubutu kuliacha jukwaa bila mlio wowote ni ujasiri ambao vijana wangejifunza kwake.

Nilimwandikia Clifford kadi kumuuliza vijana wake walipigaje. Hajanijibu, naye ni mtu wa kuniandikia hata paka wake akizaa.

Nina swali moja, na jibu nalitaka bila mapambo. Bendi ilipiga?

Shangazi yako


Harroway
26 Oktoba 1979

Shangazi,

Haikupiga.

Nilijiambia kwamba naokoa nafasi yako. Hiyo ilikuwa sehemu tu ya ukweli. Sehemu iliyobaki ni kwamba nilitaka wahakiki waione kazi yangu, hata kama ingepita chini ya jina lako. Waigizaji niliwaambia umekubali kwa barua, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yako, nani angebisha?

Bendi walifika jioni ile na makoti yao mekundu, matarumbeta yamesuguliwa hadi yanawaka. Nilimvuta Bwana Entwistle pembeni, kwenye ujia wa vyumba vya kuvalia.

"Winnie mwenyewe ndiye kasema?" akaniuliza.

"Ndiyo. Ni agizo la mwongozaji."

Akawageukia wenzake. "Haya jamani, rudisheni vyombo mifukoni. Leo sisi ni watazamaji."

"Watazamaji gani, tiketi hatuna!" akadakia yule mnene wa ngoma kubwa. "Na mke wangu kanipigia koti pasi tangu asubuhi. Nitamwambia nini, nilikwenda kunyeshewa?"

"Mwambie umestaafu," Bwana Entwistle akamjibu.

Walicheka, Shangazi. Kicheko hicho kilikuwa kigumu kwangu kuliko matusi. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, mvua inanyesha, naye Bwana Entwistle akageuka kunipa mkono. "Tusikucheleweshe, mwanangu. Fanya kazi."

Liko jambo jingine ambalo hakuna gazeti lililoliandika. Beryl alipogeuza ufunguo, watu wa Harroway hawakunyamaza kwa jeraha nililokusudia. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikawaona safu kwa safu wakigeuza shingo kuutazama mlango. Taa zikazimika, wakaendelea kukaa gizani. Wahakiki waliuita huo ukimya wa ajabu. Shangazi, walikuwa wanangoja bendi. Baadaye, penye kutundikia makoti, bibi mmoja alinishika mkono wa gauni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kafa kwenye bendi, mwanangu?" Na hivyo ndivyo ilivyo kila jioni tangu siku hiyo.

Niko tayari kwenda kwa Bwana Lumb. Lakini nikisema, nitakuwa nimeuchana mkataba wako pamoja na mchezo wangu. Nisiposema, utaendelea kusifiwa kwa tendo ulilolikataa. Nimesomea mambo mengi na hakuna hata moja linalonisaidia hapa. Niamuru, nami nitatii, ijapokuwa najua nimelitumia neno hilo nikiwa nimechelewa.

Mwanao, ukikubali bado kuniita hivyo,
Philippa


Scarborough
30 Oktoba 1979

Mwanangu Philippa,

Bado nakuita hivyo. Kula yako vipi? Beryl alikuja kunitazama Jumapili, akasema umebaki macho tu.

Nilimuuliza kuhusu mwisho wako. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema, "Winnie, usinifukuze kazi. Ni mzuri." Nikamwambia najua. Kama ningekuwa nimeketi pale kama mtazamaji tu, bila jumba hilo mikononi, huenda ningeusifu na mimi. Hilo liliniuma zaidi kuliko nyonga, na nimeona ulijue.

Nina la kwangu pia. Lumb alipoukunjua mkataba kitandani kwangu, nilikuwa nimekwisha kuyasoma magazeti. Nilijua hakuna mtu duniani anayeita matarumbeta ya Clifford ukimya. Nilijua umeniasi. Nikamwomba kalamu. Niliogopa, mwanangu, kwamba bila jumba lile mimi ni kikongwe tu mwenye fimbo, na nikasaini sifa zako kama zangu. Barua ya kukuuliza niliiandika baada ya hapo. Kwa hiyo usinione hakimu.

Leo nimemwandikia Lumb kwamba mwisho ule ni wako, kwamba niliukataza, na kwamba nilisaini nikijua. Auchane mkataba akitaka. Mchezo wako wa majira ya kuchipua nimemwomba asiuguse, ila sikuahidi kwamba atanisikia.

Uliniuliza nikuamuru. Usimwite Clifford arudi kupiga. Najua umeshafikiria kumpelekea ujumbe wa haraka, makoti mekundu, kila kitu kama kilivyokuwa, na sisi wawili tupumue. Wale si taa, uwazime na kuwawasha. Huenda wakakataa kurudi, na haki watakuwa nayo. Kwanza wasikie kwamba mimi sikuwafukuza. Hilo hawawezi kulisikia kwa barua, wala kwangu, maana mimi watanisamehe kabla sijafungua kinywa. Utasema wewe, mbele yao wote, nami nitakaa kando yako na kungoja zamu yangu.

Daktari ameniruhusu. Baba yako atanileta kwa gari. Bendi hufanya mazoezi katika chumba kilicho juu ya duka la baiskeli, na ngazi zake ni mbaya, kwa hiyo nitakuhitaji mkononi. Usiandike hotuba.

Tukutane chini, mlangoni, Alhamisi tarehe 8 Novemba, saa moja kamili jioni.

Shangazi yako,
Winnie