Mfano Hauna Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri ameamua. Kuanzia mwezi ujao habari za mahakama zitatoka kwa lugha mbili, na kila mwandishi atajitafsiria mwenyewe. Alisema akiangalia dirishani. Alikuwa ananisema mimi.

Kukisoma Kiingereza nakisoma. Kukiongea ni mzigo mwingine — maneno yananikaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Basi leo nimeanza shule, mimi na mvi zangu. Chumba juu ya duka la fotokopi, jioni baada ya kazi. Viti vya plastiki, ubao mweupe wenye madoa, feni inayonung'unika.

Wenzangu: mwenye saluni, muuguzi, dereva wa lori, na fundi wa lifti. Huyu fundi ana miaka thelathini na kitu, na grisi kwenye kucha ambayo haitoki tena. Kampuni yake inamlipia ada. Wanampeleka kazini ng'ambo, Jumamosi ya wiki ijayo.

Mwalimu wanamwita Ticha Tena, kwa sababu kila sentensi lazima irudiwe. Ana sheria mbili. Kiswahili marufuku. Na lolote litakalosemwa humu ni mfano. "Hata ukisema umemuua mkweo, mimi nitasahihisha kitenzi tu. Mfano hauna mwenyewe." Mwenye saluni akasema basi yeye ana mifano ya mwaka mzima kuhusu mama mkwe.

Mume wangu, mezani: Sasa chumvi nitaiombaje? — Kwa adabu, nikamwambia.

Jumanne, 4 Machi

Kesi ya lifti. Lifti ilianguka, karani wa masjala akafa ndani. Anayeshtakiwa ni msimamizi wa jengo, mzee mmoja mkavu. Eti alisikia inagonga, akanyamaza. Yeye anasema alimwambia fundi wa kampuni ya lifti, mara mbili, kwa mdomo.

Leo mwendesha mashtaka amesoma maelezo ya fundi huyo: hakuambiwa chochote. Fundi mwenyewe hakuletwa. Yuko nje ya nchi kikazi, wamesema. Hakimu akayapokea.

Mke wa mzee hukaa nyuma ya benchi letu la waandishi. Ana mfuko wa plastiki wenye shati safi. Kila mumewe akiletwa kutoka mahabusu, yeye na shati lake.

Nimeandika: yuko nje ya nchi. Nimetuma habari. Halafu nikabaki nimekaa. Mji huu una mafundi wa lifti wangapi?

Jumatano, 5 Machi

Somo: mambo yaliyopita. Kila mtu aseme alilofanya mwaka jana.

Dereva alinunua lori bovu. Mwenye saluni alimfukuza mumewe, lakini alimtaja kama mwanamke. Sote tunachanganya "he" na "she"; sisi kwetu yeye ni yeye. Tukacheka hadi feni haikusikika tena.

Akasimama fundi. Anajenga sentensi kama mtu anayepanga matofali. Mzee aliniambia. Aliniambia mara mbili. Nilimwambia bosi. Bosi alisema, ngoja. Mimi nikangoja.

Ticha akasahihisha neno moja tu. "Two times" si kosa, lakini watu husema "twice". Tena!

Akarudia. Kisha darasa zima, kwa sauti moja, na mimi nimo: Mzee aliniambia mara mbili. Mzee aliniambia mara mbili.

"Sentensi nzuri," muuguzi akamwambia. Fundi alikuwa anatokwa jasho kama aliyepanda ghorofa zote kwa miguu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimsubiri fundi kwenye ngazi baada ya somo.

— Kijana wangu, yule mzee wa juzi.
— Ule ulikuwa mfano, mama.
— Najua. Mimi naandika habari za mahakama. Huko wanasema uko nje ya nchi.

Akashika ukuta. Hakukana. Akauliza kama nitaandika. Nikamwambia mazoezi ya darasani siandiki. Akasema ana watoto, tiketi imeshakatwa, na maelezo yale aliletewa yameshachapwa, akaweka sahihi. "Kwa Kiswahili siwezi kulisema hili jambo, mama. Nimejaribu hata kwa mke wangu. Linagoma."

Honi chini. Gari la kampuni. Bosi wake akashuka mwenyewe, akanipa mkono laini.

— Na mama naye anasafiri?
— Hapana. Mimi nabaki.

Aliushikilia mkono wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Mhariri nusu. Akaruka: unaikalia habari mbichi kama kuku anayeatamia? Nikamuuliza tunachapa nini. Mdomo mmoja, ndani ya zoezi, kwa lugha aliyoianza juzi. Akikana hatuna kitu, na mawakili wa kampuni watatutafuna na mifupa.

— Basi mpelekee wakili wa mzee.

Mwandishi anaripoti mechi, hachezi. Nimewaambia hivyo vijana wa mafunzo miaka nenda rudi. Leo nimemwambia Mhariri.

Ijumaa mahakama inafunga ushahidi. Mwendesha mashtaka anatembea koridoni kama mwenye nyumba.

Jumatano, 12 Machi

Fundi hakuja. Sijui nimefundishwa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja. Kachelewa, shati limechomekwa upande mmoja. Kesho kutwa anapanda ndege.

Somo: kueleza mahali unapofanya kazi, kisha kumwelekeza mtu njia ya kufika. Ticha akaanza na mimi. Nilikuwa nimeandaa ofisi ya gazeti — meza, simu, chai iliyopoa. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine.

Nikasema: kuna chumba. Mzee amesimama kizimbani. Nyuma yangu kuna mke wake, ana shati safi mfukoni. Kesho wanamaliza. Shahidi mmoja, wanasema, yuko nje ya nchi.

Ticha akanisahihisha: nimesema "in abroad", na ile "in" haitakiwi. Tena. Nikarudia bila "in". Sauti yangu ilikuwa shwari; miaka ishirini na kitu ya kuwasomea wahariri hukumu kwa simu imenisaidia.

— Sasa nani anataka kwenda huko? Amuulize njia.

Dereva akataka kuinua mkono. Fundi akawahi.

Nafikaje? — Nenda moja kwa moja hadi benki, pinda kushoto, jengo lenye ngazi pana. Chumba cha pili.

Nimuulize nani? — Wakili wa mzee, mwenye miwani na kilemba cha bluu. Atakuwa mlangoni kabla ya saa tatu.

Mlango unafungwa? — Mchana.

Ticha akapiga makofi. Mazungumzo safi kabisa ya kila siku! Tena, wote! Wakatuzungukia: nusu ya darasa wakiuliza njia ya mahakamani, nusu wakielekeza. Mwenye saluni akaniambia pembeni, kwa Kiswahili, akasimamishwa kwa adhabu: "Shoga, hiyo kazi yako ina huzuni, bora nywele."

Fundi aliondoka bila kuniaga. Bosi alikuwa chini tayari. Nikasikia mlango wa gari.

Kwa hiyo nimecheza mechi. Haya.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika koridoni. Hakimu ametupa mapumziko.

Saa tatu hakuwepo. Saa nne hakuwepo. Mwendesha mashtaka alishafunga faili lake. Wakili wa mzee akasimama, akaomba shahidi mmoja zaidi, na hapo nikamuona fundi nyuma yake, ameshika begi la safari kama mtu aliyekosea kituo.

Akaapa. Hakimu: eleza kwa Kiswahili, hapa tunaelewana. Fundi akafungua mdomo. Hakuna. Mwendesha mashtaka akatabasamu. Mara yakatoka, kwa Kiingereza, matofali yale yale: mzee aliniambia, aliniambia mara mbili, nilimwambia bosi, bosi alisema ngoja. Nilijua kila neno kabla halijatoka. Midomo yangu ilikuwa inatembea. Mkalimani akatafsiri. Mke wa mzee akaangusha mfuko.

Mwendesha mashtaka akainuka. Maelezo yenye sahihi yako yanasema kinyume. Hadithi hii umeitunga leo asubuhi, sivyo?

— Hapana. Nilishasema. Jumatano ya wiki iliyopita.

Kiswahili kilikuwa kimemrudia.

— Wapi?
— Darasani.
— Nani alikusikia?

Fundi hakunitaja. Aligeuka tu, akaangalia benchi letu. Hakimu akafuata macho yake. Halafu chumba kizima.

Sasa bosi yuko uani, anaongea kwa simu, amekunja ngumi. Fundi kakaa mwisho wa koridoni, hanitazami. Mhariri kanitumia ujumbe: Una habari gani? Nimejibu: Sina. Sijawahi kumjibu hivyo. Daftari la kazi nimempa mwenzangu wa gazeti pinzani — andika wewe, hii siwezi tena. Alidhani natania.

Nikisema sikusikia, fundi ni mwongo wa asubuhi moja, na mzee anarudi alikotoka. Nikisema nilisikia, wataniuliza nani alimwelekeza njia.

Mke wa mzee amekuja kukaa karibu yangu. Shati liko mapajani, analikunja upya.

Mlango umefunguliwa. Karani anaita. Si fundi anayeitwa, ni mimi.

Anauliza nitaapa kwa lugha gani.