Viti viwili vilikuwa vitupu, mke wangu akakaa kitandani

Shangazi Mwanaharusi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Tukuyu, nina miaka thelathini na minne, naomba uniokoe na jina langu usilitoe.

Ni dereva wa Coaster iliyogeuzwa nyumba, ndani ina kitanda, jiko la gesi, sinki na makabati, tajiri yangu Farhan anaikodisha kwa watalii wanaokwenda Ziwa Ngosi na Matema, na sheria yake ya kwanza ni kwamba gari likitembea hakuna mtu kulala kitandani wala kusimama jikoni, wote wakae kwenye viti vinne vya mbele vyenye mikanda, na mimi ndiye ninayewasomea wageni sheria hiyo kila safari, mgeni akibisha siwashi gari.

Wiki mbili zilizopita baba yangu aliruhusiwa kutoka hospitali Mbeya alikolazwa kwa presha, Farhan akanionea huruma akanipa gari nikamchukue, nikaenda na mke wangu Tulia na mwanetu Anyelwisye wa miaka miwili. Sasa Shangazi, kwetu Wanyakyusa mkamwana hakai karibu na baba mkwe wala hakutani naye macho kwa macho, wengi siku hizi wameacha lakini baba yangu kule Kyimo bado ameishika, Tulia akisikia fimbo yake uani anatokea mlango wa nyuma. Basi baba akakaa mbele pembeni yangu, viti viwili vya nyuma yetu vikabaki vitupu, na Tulia bila kuambiwa akapanda na mtoto kitandani akavuta pazia, nami nikaona fahari kwamba nimeoa mwanamke mwenye adabu, nikawasha gari.

Tukiteremka kabla ya kufika Kiwira, ukungu umetanda, bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi ikakata mbele yetu, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, sikuigusa, lakini nyuma nikasikia kishindo, mtoto akalia mara moja akanyamaza. Nilisimama nikakimbilia nyuma, nikamkuta Tulia amerushwa hadi jikoni, bega limeumia, mtoto amevunjika mkono na amejigonga kichwa kwenye ukingo wa sinki. Baba hakugeuka. Alisema tu, "Mambo ya nyuma ya pazia mimi siyaoni. Endesha, mwanangu."

Hospitali nikasema mtoto ameanguka kitandani nyumbani, Farhan nikamwambia hivyo hivyo, na mama na dada zangu pia, maana niliogopa polisi na niliogopa kibarua kuota nyasi, na sasa wote wanamsema Tulia kuwa ni mama mzembe, dada yangu Esnath amemwambia mbele ya kina mama wa kanisani, "Mtoto mmoja tu anakushinda kumwangalia?" na Tulia hakunitaja, na mimi hanisemeshi zaidi ya salamu. Mtoto mkono umefungwa hogo la plasta, anaendelea, ila siku hizi analala sana na asubuhi anatapika, labda ni zile dawa. Alhamisi ijayo baba anarudi kliniki, mtoto naye, gari ni lile lile, na baba ameshasema mkamwana atajua mwenyewe pa kukaa. Nikimweka Tulia karibu na baba nimemvunjia mzee heshima, nikimrudisha kitandani naogopa. Nifanyeje?

Baba A., Tukuyu

*

Marahaba, Baba A. Majina ya watu wako nimeyabadilisha. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mtoto analala sana na anatapika, sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia simu kwa namba uliyoacha kwenye barua, na nadhani unakumbuka nilivyokufokea. Neno hilo nalirudia hapa kwa ajili ya wazazi wengine: mtoto aliyejigonga kichwa, kisha akaanza kutapika na kusinzia, hangoji Alhamisi. Apelekwe siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe ukweli. Daktari wako alikuwa anamtibu mtoto aliyedondoka kwenye kitanda cha nyumbani, kumbe mtoto alirushwa na gari lililokuwa linakimbia. Jana umenipigia ukasema amelazwa na anaangaliwa. Namwombea usiku na mchana.

Nakuhurumia, ila sitakubembeleza. Mgeni akibisha huwashi gari. Mkeo alipovuta pazia, ukawasha. Kumbe sheria uliijua vizuri sana, uliisoma kwa sauti kwa watu usiowajua.

Mila yenu siidharau. Wazee wangu walitoka pwani lakini mimi nimezaliwa hapa hapa Tukuyu. Nilimuuliza jirani yangu Bibi Tulinagwe, ambaye amekuwa mkamwana wa watu miaka hamsini. Akanijibu, "Tulijifunika, tulipita kando, tuliinama. Hatukuambiwa tufe, mwanangu."

Kwa hiyo sikiliza. Siku mtakayosafiri, baba akae mbele. Tulia akae kiti cha nyuma yako, mkanda umefungwa, na kati yao utundike kitenge. Mzee atatazama barabara, mkamwana atatazama kitenge, heshima itakuwa imekamilika. Mtoto asipakatwe, mikono ya mama haiwezi kushindana na breki, umeshaona. Farhan ana kiti cha watoto wa watalii. Kiazime, kifunge pembeni ya mama yake. Kitandani pakae mablanketi. Maneno haya baba yako aambiwe na mdogo wake au mzee mwingine wa rika lake, si na Tulia. Akikataa, safari ziwe mbili.

Farhan umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Huenda ukakosa kibarua, sitakudanganya. Lakini dereva anayeficha ajali ya mwanawe atakuja kuficha na ya mgeni.

Limebaki moja, na ndilo utakalotaka kulikwepa. Usimwite mama yako pembeni ukamnong'oneza. Tulia amesemwa mbele ya kina mama wa kanisani. Nenda Jumapili, subiri ibada iishe, wakiwa wamesimama pale nje na Esnath akiwemo, uwaambie: mtoto hakuanguka nyumbani kwa uzembe wa mama yake, aliumia garini, na mimi ndiye niliyekuwa naendesha.