Slaidi Bila Utumbo wa Mbuzi

Ijumaa, 31 Oktoba 1997

Mvua tangu asubuhi. Dkt. Abhishek leo amempasua Mwalimu Manasseh — mwenye nyumba wangu! Macho yake yamekuwa ya manjano tangu Septemba. Nyongo wameitengenezea njia nyingine, lakini kwenye kongosho kuna kivimbe kigumu. Kipande walichokata, kidogo kama punje ya wimbi, kimenifikia maabara saa tisa. Daktari ameshamwombea nafasi ya upasuaji Nairobi, tarehe 17 Novemba. Ikiwa ni saratani, bado ni changa, itakatwa yote. Ikiwa ni uvimbe wa kawaida, abaki nyumbani na dawa zake.

Nikakimbilia buchani kwa Okemwa kutafuta utumbo wa mbuzi. Ndivyo nifanyavyo siku zote: kipande cha mgonjwa na kipande cha utumbo huingia kwenye dawa ya fomalini pamoja, hupakwa rangi pamoja. Utumbo umejaa ute. Usipogeuka mwekundu, ujue rangi ndiyo mbovu.

Bucha imefungwa. Ijumaa! Sabato yaingia. Miaka mitano naishi Nyanchwa kati ya Waadventista na bado nasahau, Mjaluo mimi. Haidhuru, droo ina kipande cha zamani kilichogandishwa ndani ya nta.

Jumanne, 4 Novemba

Dkt. Ochanda amekuja kutoka Kisumu kusoma slaidi, kama kila baada ya wiki mbili. Ya Mwalimu imemsumbua. Tezi chache zimekaa ovyo ndani ya kovu — huenda saratani, huenda kovu la ugonjwa wa zamani. Akataka rangi ya ute. Seli zile zikionyesha ute ndani, ataandika saratani. Kisha akanihubiria kwamba ute peke yake hauhukumu mtu, hata saratani za tumbo na za ovari huwa nao. Najua, daktari. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja.

Nikafungua droo. Nta tupu! Utumbo wote niliumaliza Agosti na sikukumbuka.

Nikapaka kipande cha Mwalimu peke yake. Hakuna wekundu hata chembe. Ochanda tayari ameshika koti, anataka kupita kabla mvua hii ya Elnino haijakata barabara. Akauliza kama kontroli, ule utumbo wa mbuzi, imeshika rangi. Nikasema imeshika.

Imeshika! Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 5 Novemba

Mama Bitutu, mke wa Mwalimu, amenikumbatia kwenye korido ya wadi mpaka kitambaa chake kikaanguka. Dkt. Abhishek amewaambia si saratani. Nairobi imepigiwa simu, nafasi imefutwa. Jumapili wanachinja mbuzi kumshukuru Mungu. Mbuya mono, asante sana, mbuya mono, akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyemponya.

Nimenunua utumbo. Okemwa akanitania — Mjaluo gani huyu, badala ya samaki ananunua kipande cha utumbo kisichoshibisha hata paka? Nikacheka. Sijui nilichekea nini.

Pengine rangi ni nzima. Pengine Mwalimu hana ute wala saratani, na uongo wangu umeangukia ukweli. Mungu, iwe hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Utumbo wa mbuzi umetoka manjano na mweusi. Utumbo! Ungepaswa kuwaka wekundu kila kona. Nimerudia. Vilevile.

Rangi imekufa. Chupa nilikuwa nikiiweka dirishani, penye jua, kwa sababu rafu imejaa. Mimi mwenyewe. Agosti ilikuwa ingali inashika, nimeangalia slaidi za wakati ule, na tangu hapo aliyepakwa ni Mwalimu tu. Nimeshukuru kwa hilo, halafu nikajichukia kwa kushukuru.

Bado sijui. Labda hata rangi nzima haitaonyesha kitu. Nitamwambia Dkt. Abhishek nikiwa na hakika. Ndivyo ninavyojiambia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nyamira na kurudi, tope mpaka magotini. Rafiki yangu Aketch wa maabara ya kule amenimiminia rangi mpya kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Aliuliza mbona uso umenyauka hivi. Nikasema ni mvua. Uongo wa pili, nao umetoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumapili, 9 Novemba

Nina ufunguo wa maabara. Saa mbili asubuhi nilikuwa peke yangu, slaidi mbili, mbuzi na Mwalimu.

Mbuzi — mwekundu.

Mwalimu — mwekundu. Vitone, seli baada ya seli, katika tezi zile zile zilizokaa ovyo. Nilitoa jicho kwenye hadubini, nikafuta kioo, nikaangalia tena. Nikalia.

Sasa ni saa saba, niko chumbani kwangu. Uani wanaimba. Dirishani namwona Mwalimu, koti limemzidi, macho yameanza kuwa meupe. Kando yake Dkt. Abhishek, yeye hali nyama, wamempa ndizi na soda. Siku nane bado kabla ya tarehe 17. Labda nafasi haijachukuliwa. Labda! Leo nikisema, kazi imekwisha, pengine na cheti. Nisiposema —

Mama Bitutu amebisha. Ameniletea bakuli kwa mkono wake mwenyewe. Matumbo! Kasema Okemwa amemweleza ninavyoyapenda, basi kanichagulia ya kwanza kabla ya wageni wote. Na Mwalimu hataki sala ianze mpaka niseme neno, maana mimi ndiye niliyemwona mzima.

Slaidi nimeifunga kwenye leso, iko mfukoni. Bakuli linatoa mvuke hapa mezani, siwezi kulitazama.

Mama anaita tena. Akong'o, mwanangu, njoo, tumewanyamazisha wote!

Nimeitikia naja.

Wamenyamaza kweli.