Shikamoo Isiyosubiri

Wamemtoa Paskalina darasani, Madam Fausta. Tangu Jumatatu yuko nyumbani, na mwalimu mkuu anasema hatarudi mpaka kamati ya shule ikae.

Hata sijakusalimia. Utanisamehe, nimekaa na hili neno siku tatu, na hapa Nambis hakuna wa kumwambia akalielewa kama wewe. Ni miezi saba sasa tangu tukuzike kwenu Hanang.

Tatizo limeanzia kwenye salamu. Unamjua mwanangu. Anasema "shikamoo" vizuri kabisa, lakini kabla mtu hajajibu "marahaba", yeye ameshapotea kwenye kona. Mimi mwenyewe nilimchapa miaka kwa ajili hiyo. Bibi yake alikuwa ananiuliza, "Mama Paskalina, huyu mtoto wako anaamkia upepo?" Basi nachapa tena. Ni wewe uliyenikalisha kwenye benchi la darasa lako la sanaa, na ile karatasi ya daktari wa mjini yenye herufi nne, ADHD, yaani mtoto asiyeweza kutulia, ukasema, "Mama, huyu hamdharau mtu. Kusubiri ndiko kunakomshinda." Nililia mbele ya watoto wa watu, mimi ninayejulikana kwa kucheka.

Ukakata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, ukawa unampa kimoja kimoja. Ukamwacha achore amesimama dirishani. Mkono wa kushoto ukampa donge la udongo alifinye wakati unaeleza, na ulimweleza jambo moja tu: chora pembe za ng'ombe. Akimaliza, azunguke darasa mara moja, arudi, achore mgongo. Mwisho ukavibandika vile vipande, likatokea dume zima. Shemeji yangu anayefuga kule Hanang aliitazama ile picha akauliza ni dume la nani na kama linauzwa. Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu: Mbulu nzima hakuna mtoto anayechora pembe kama mwanangu.

Mwalimu aliyekuja baada yako si mtu mbaya. Darasa limejaa, anataka wote wakae, kila mtu na karatasi yake kubwa, kimya. Donge la udongo alilitupa, akasema ni uchafu. Jumatatu mwalimu mkuu alileta mgeni kwenye darasa la sanaa. Paskalina akatoa shikamoo yake, huyoo akapita. Wakamwita, wakamwambia asimame asubiri ajibiwe. Akasubiri. Mgeni akawa bado anaongea na mwalimu mkuu, hajibu. Mtoto akasukuma meza, maji ya rangi yakammwagikia mgeni suruali yote.

Tangu hapo hachori. Nimemwekea penseli mezani, anaipita kana kwamba ni kijiko tu. Jana alimwamkia bibi yake, akasimama wima, macho chini, mpaka akajibiwa. Akajibiwa, na bado akawa amesimama. Bibi akafurahi, akasema sasa mtoto amepona. Mimi nilitoka nje nikaegemea banda la ng'ombe.

Kuna jingine linalonichoma. Ulipoanza kuumwa uliniambia, "Mama, andika ninavyomfanyia, mwalimu mwingine asome." Nikakujibu mimi niliishia la saba, mwandiko wangu ni kuku kaparua. Tukacheka. Nilikuona umekonda, Madam, na bado nikacheka. Kumbe ulikuwa unaniaga, mimi nikaona aibu ya herufi.

Sasa nimeandika. Kurasa mbili, yote niliyoyaona kwa macho yangu darasani kwako, vipande, udongo, kuzunguka, yote. Nitasoma mwenyewe mbele ya kamati, na nikikwama kwenye neno watangoja. Sijui kama watanisikia. Wakikataa nitasoma tena kwa mwalimu mmoja mmoja, nyumbani kwake, mpaka wanichoke.

Pumzika, mwalimu wa mwanangu. Nakuahidi Paskalina hatapotea kwa sababu ya aibu yangu. Baba yake anaacha shamba siku hiyo. Bibi ninamleta hata akinuna. Na wale mama wawili wa Tlawi, ambao watoto wao nao ulikuwa unawakatia karatasi, wamesema watapanda bodaboda waje. Kikao ni Ijumaa, saa nne asubuhi.