Masufuria ya Ushindi

Mama mpenzi, shikamoo.

Joto la Ibra limepungua, ila kwa Bibi palikuwa bado pa moto. Mwanawe, Ami Seif, ameshindwa uchaguzi wa Majlisi ya Shura, bunge la huku, na kiti chetu kimehamia mtaa wa pili, kwa mtoto wa Bi Thuraya, yule shoga wa Bibi tangu Unguja. Tangu kampeni ianze hawajanywa kahawa pamoja, huku Bibi akijifanya hajali.

Leo asubuhi Bi Thuraya aliingia. Nikammiminia kahawa. Akakiweka kikombe chini bila ya kuonja. Kwa desturi ya huku, mgeni akifanya hivyo ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Sema," Bibi akamwambia, akitazama ukuta.

"Wageni wa pongezi wanakuja adhuhuri, nami sina hata chombo cha kupikia. Nani alijua tutashinda? Niazime masufuria yako makubwa."

Masufuria hayo Bibi aliyasugua wiki nzima kwa sherehe yetu sisi!

"We Thuraya! Kiti mmechukua, na masufuria mnayataka?"

"Na mpishi wake pia."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Haya, kunywa, inapoa. Pilau yako wewe, wageni wataikimbia."

Basi nakuandikia jikoni kwa waliotushinda, nimepewa kapu zima la vitunguu. Ukiona kadi hii imelowa, usidhani ninalilia kura. Nibusie Baba na wadogo zangu.

Mwanao akupendaye,
Rahma